Nguo za Enzi Zile

Sifa zote ni za Mola aliyetuumba rangi mbalimbali ili tujuane, akanifikisha uzeeni katika nchi ya baridi nikiwa na afya, chakula na mjukuu. Namshukuru kwa hayo, na hata kwa haya nitakayosimulia, ingawa yananiuma bado.

Mjukuu wangu alikuwa na rafiki mmoja tu katika jengo letu la ghorofa, mjini Eagan: binti wa jirani, Mzungu, mlango wa pili. Kipindi chote cha theluji walifanya mazoezi ya ngoma moja mbele ya mlango wangu. Ilitoka katika filamu ya zamani ya kuchekesha, ya vijana weupe na weusi waliotengwa kwa kamba katikati ya ukumbi, wakacheza mpaka kamba ikakatwa. Mjukuu wangu ndiye aliyemfundisha mwenzake hatua zote.

Jumamosi moja alasiri wapangaji wakaionyesha filamu hiyo kwenye ukumbi wa chini, ili baadaye wasichana wacheze ngoma yao. Nikapika mahamri, sinia tele. Tulicheka sana. Kamba ilipokatwa, mama yake yule rafiki akafuta machozi.

Taa zikawashwa. Rafiki akatokea na wasichana watatu wa shule yake, wote wamevaa magauni ya marinda, nywele zimetunishwa.

"Langu liko wapi?" mjukuu wangu akauliza.

Rafiki akamtazama mamake. Mama akainama, akatabasamu, akasema polepole ili nami nielewe: "Mpenzi, tunataka ifanane na enzi zile. Mtandio wako hautaendana. Wewe utatupigia makofi, sawa?"

Enzi zile! Walifanana nazo kweli, kuliko walivyokusudia.

"Twende zetu, mama," nikamwambia mjukuu wangu. Akajibu kwa Kiingereza, kama siku zote, kwamba atabaki. Akapiga makofi mpaka mwisho, hakukosea pigo hata moja. Mahamri yangu yaliliwa yote, wakaniuliza yanapikwaje.

Wiki iliyofuata, adhuhuri, hodi ikapigwa. Rafiki anataka kufundishwa ngoma nyingine.

"Nyanya, mwambie nimelala," mjukuu wangu akasema kutoka chumbani, kwa Kiswahili kilichonyooka.

Miaka yote nilimwomba Mungu mtoto huyu anijibu kwa lugha yangu. Nami sisemi uongo. Nikafungua mlango, nikasema, "Hataki."

Ewe usomaye, Mola akupe majirani wa kukusogezea kiti kabla hujaomba, na amwepushe mtoto wako na kazi ya kuwapigia wengine makofi kwa ngoma aliyowafundisha yeye. Amin.