Jenerali Aliyenukia Iliki

Nyuma ya sikio langu la kushoto kuna kigaga cha unga ambacho leo siku ya nne hakijatoka, na kila Mama akikikwangua kwa kucha anaanza kucheka upya, basi nimeona bora niyaandike mwenyewe kabla watu wa mtaa wetu wa Abu Hamour, hapa Doha, hawajayatia chumvi, maana aibu niliyoipata Ijumaa mbele ya ukumbi mzima ina chumvi yake ya kutosha.

Mimi naogopa watu. Darasani nikiulizwa kitu ninachokijua nasema sikijui, ili nikae chini upesi. Kwa hiyo Halati Zuhura (mdogo wake Mama) aliponipigia simu kuniambia kanipangia nafasi katika mchezo wake wa kuigiza, nilitaka kulia, mpaka aliposema, "Wewe ni sanamu. Husemi, husogei, hupepesi." Nikaona Mungu amenikumbuka.

Halati ni yaya katika nyumba moja kule Al Rayyan, mwaka wa sita sasa, na mapumziko yake ni Ijumaa moja kwa mwezi. Mchezo wenyewe aliuandika jikoni huku anachemsha maziwa ya watoto, na mazoezi akatuongoza kwa simu: sisi tunaitumbukiza simu ndani ya sufuria tupu ili sauti ivume, yeye huko ananong'ona watoto wasiamke, na huku watu wazima wamezunguka sufuria wanaigiza kama wanaiomba dua. Lakini mkataba wake ulikuwa umekwisha, tikiti ya kurudi Mombasa ilikuwa ya Jumapili, kwa hiyo mchezo ungechezwa Ijumaa hii au usingechezwa kabisa. Miaka sita amelea watoto wa watu, mchezo huu mmoja ndio aliouzaa mwenyewe. (Hayo ni maneno yake, mimi nisingethubutu.)

Hadithi ni hii. Mji uko vitani, mabomu yanaanguka, na mjane mmoja amerithi ukumbi wa burudani: nyimbo, mazingaombwe, vichekesho, kila jioni, hafungi. Jenerali wa mji anapiga marufuku mtu yeyote kumwigiza. Mjane naye mjanja, anaweka jukwaani sanamu la Jenerali, anasema ni la heshima, kisha wachekeshaji wanakuja kulilalamikia bei ya unga na viatu vya askari, na lenyewe kimya, na watu wanavunjika mbavu. Anakuja afisa kukagua. Hana la kusema, maana sanamu si mwigizaji, ila anaapa: likisogea hata kidogo, ukumbi unafungwa na mjane anakwenda jela. Mjane alikuwa Halati mwenyewe. Afisa alikuwa Otieno, askari wa lango la maduka, ambaye kusimama na kukagua watu ndiyo kazi yake ya kila siku. Na sanamu, ndio mimi.

Sasa uamuzi mdogo ulioniponza. Nakato, dada wa Kiuganda anayefanya kazi hotelini na ambaye ndiye aliyekuwa mwana mazingaombwe wetu, aliahidi kuniletea rangi nyeupe ya kupaka uso. Wakabadilisha zamu yake, ikafika saa tisa alasiri hajafika, watu washaanza kuingia. Mtu mwingine angeuliza, "Jamani, nijipake nini?" Mimi kuuliza naona haya. Nikaingia jiko dogo la nyuma ya ukumbi, nikakuta beseni la unga mweupe umefunikwa kitambaa, nikasema moyoni unga ni unga, nikachota bakuli zima, nikafungua bomba la maji baridi (mwezi wa nane, Doha, bomba la baridi linatoa maji ya kuchovya mfuko wa majani ya chai), nikakoroga mpaka ukawa mzito wa kunata, nikajipaka uso, shingo, masikio, mikono, nywele zote. Ulikuwa unanukia vizuri. Nikadhani ni unga wa bei ghali.

Ulikuwa unga wa mahamri wa Mama, wa kuwapikia watu wakati wa mapumziko. Ulishatiwa sukari, iliki na hamira, unangoja tui tu.

Otieno akaniona napanda juu ya makreti ya soda yaliyofunikwa shuka. "Sistee! Umetoka fiti kabisa, unakaa kama ukuta umepakwa rangi jana." Nilifurahi. Ndio ulikuwa mwisho wa furaha kwa muda.

Nusu saa ya kwanza nilisimama kama nguzo. Nakato alifika anahema, akatoa leso ya mezani ya hotelini ikageuka ua, watu wakapiga makofi, wachekeshaji wakanilalamikia, sikupepesa. Halafu kiyoyozi kikazima. Taa tatu zilikuwa zimenilenga mimi. Nikasikia shavu langu linakua. Sijui nilieleze vipi, ni kama mtu ananipuliza pole pole kutoka ndani, paji likavimba, kidevu kikawa viwili, masharubu ya katani niliyobandikwa yakaanza safari ya kwenda kifuani. Mstari wa mbele mtoto akasema kwa sauti ambayo Halati alituomba miezi mitatu tuitoe na hatukuweza:

"Mama, Jenerali ananukia mahamri!"

"Nyamaza."

"Anaumuka, Mama! Tizama!"

Nilimwona Mama yangu kule mlangoni anachungulia jikoni, anarudi, ananitazama, anashika kichwa.

Ikaja sehemu ya mabomu. Masufuria yanagongwa, wachekeshaji wote wanalala chini, sanamu peke yake limesimama, na Halati anakuja mbele kusema maneno aliyoyatungia mchezo mzima: "Wao nje wavunje. Humu pazia halishuki." Na hapo hapo, wakati ukumbi umenyamaza mpaka unasikia watu wanavyomeza mate, donge la unga likateleza toka puani likasimama mdomoni. Tamu. Sikuwa nimekula tangu asubuhi kwa woga. Wallahi sikuamua, ulimi wenyewe ndio uliotoka ukalamba.

"AMEJILAMBA!" Yule mtoto tena.

Ukumbi ukalipuka. Otieno akakodoa macho, maana kwa sheria ya mchezo sanamu limesogea, basi mjane ni wa jela na hadithi imekufa, na mbele kulikuwa na robo tatu ya saa bado. Akamwambia mjane taratibu, kama anaomba msamaha, "Mama... sanamu limesogea." Halati akanitazama. Hakukasirika, na hilo ndilo lililoniumiza. Alikuwa na uso wa mtu anayekunja nguo za safari.

Sijui sauti ile ilitoka wapi. Nilinyoosha mkono, unga ukadondoka pwaa, nikanguruma, "Nani kasema nimesogea?"

Nikamgeukia Otieno.

"Afisa! Mimi ndiye Jenerali au si mimi?"

Otieno akaruka akapiga saluti. "Ni wewe, afande!"

"Basi mimi nikisogea si mwigizaji, ni mimi mwenyewe nimekuja! Na naamuru pazia lisishuke! Na unga ushuke bei, maana mwingine nimeubeba mimi!"

Jamani. Wanawake wa Mombasa na Unguja wakapiga vigelegele mpaka nikadhani masikio yanaumuka nayo, wakapanda jukwaani kunitunza kama anavyotunzwa mwimbaji, kila mmoja na leso yake anitupie begani, na kila leso ikanata. Ya tano ilinielemea. Kreti likalia kra, Jenerali akashuka cheo, akaanguka chini miguu juu, koti refu la Jenerali likafunuka, na suruali yangu ya kulalia yenye vikatuni vya bata ikaonekana na taifa zima. Nilitamani ardhi inimeze. Badala yake Otieno akaninyanyua akapaza sauti, "Jenerali hajaanguka, anakagua sakafu!" na mchezo ukaendelea mpaka mwisho, mimi nikiamrisha, kwa maneno ambayo hayakuandikwa popote.

Mahamri hayakuliwa na mtu. Leso tatu zimekataa kubanduka mpaka zilowekwe, na Bi Salma bado anaulizia yake.

Jumapili uwanja wa ndege Halati alinikumbatia, akanusa nywele zangu, akacheka. "Nilikwambia usisogee."

"Nisamehe, Halati."

"Ukasogea," akasema, machozi yanamlengalenga. "Alhamdulillahi, ukasogea."

Kwa hiyo naapa hapa kwa kalamu yangu: sitagusa tena unga wa mtu bila kuunusa na kuuliza ni wa nini, hata kama kuuliza kutaniua. Suruali ya bata nimeshaigawa. Lakini kusimama kimya kama sanamu, hilo Halati kaniambia nisiliapie.