Filamu ya Kopo la Maziwa

Mwanamke waliyemwita Mama Picha alikuwa na ruhusa mbili, na mji mzima ulizijua. Ya kwanza aliiomba kabla ya kuinua kamera: "Nipige?" Ya pili aliiomba akishaishusha: "Nionyeshe?" Aliyekubali zote mbili alitundikwa kwenye ukuta wa studio. Aliyekubali moja tu, filamu yake iliingia kwenye kopo la maziwa ya unga chini ya kitanda, na humo haikutoka. "Mimi ni kama mwosha maiti," alikuwa akisema. "Naona, nanyamaza."

Miaka thelathini aliuzunguka mji huo kwa miguu. Aliwapiga wapaka rangi wakisinzia juu ya jukwaa, akampiga bibi aliyekwenda stesheni kila Jumatatu kumpokea mtu asiyefika. Kila picha aliiandikia kisa chake kwenye daftari. Picha isiyo na kisa, kwake, ilikuwa bubu aliyevaa vizuri.

Kinyozi wa barabara ya pili alikuwa mtu wa kopo. Mdomo wake ulikuwa mkali kuliko wembe wake, na mkewe ndiye aliyekatwa zaidi. Akikoroma, wateja walijua. Akiunguza chungu, wateja walijua kabla moshi haujaisha. Hadi siku moja, kwenye foleni ya posta, mwanamume asiyemfahamu alimtania mke huyo juu ya kukoroma kwake. Mke alifunga mzigo akaenda kwa dada yake.

Wiki mbili baadaye Mama Picha alipita asubuhi akamkuta kinyozi amepiga magoti mbele ya kiti cha wateja. Kiti kilikuwa kitupu, kimefunikwa shuka ya kunyolea.

"Mke wangu," alikiambia kiti, "mambo ya nyumbani hayatatoka tena nyumbani." Akakohoa, akaanza upya kwa sauti ya chini zaidi.

"Nipige?" aliuliza Mama Picha mlangoni.

"Piga, dada. Nimeshaumbuka."

"Nionyeshe?"

"Thubutu! Akijua nilifanya mazoezi, nimekwisha."

Mke alirudi. Kinyozi akabaki na soga za mpira na siasa, na kwa miaka kumi na minane hakuteleza hata mara moja.

Kisha manispaa ikatangaza maonyesho ya picha za mji, na aliyepewa kuyasimamia alikuwa mdogo wake Mama Picha, tumbo moja. Mama Picha alikuwa na harusi ya kupiga mji wa jirani, siku mbili. Akamwachia ufunguo wa studio na daftari.

"Za ukutani chukua zote," alimwambia. "Kopo usiliguse."

"Kopo nalijua, dada. Nani aliyekuwa akikushikia taa ukisafisha filamu?"

Alirudi siku ya ufunguzi, saa kumi, na begi bado begani. Ukumbi ulikuwa umejaa. Picha ya kwanza mlangoni, kubwa kama meza ya kulia, ilikuwa kinyozi, magoti yake na kiti chake. Chini yake maneno ya daftari, neno kwa neno, kukoroma kukiwemo.

Kinyozi alikuwa amesimama mbele yake na mkewe. Wamevaa vizuri, walikuwa wamealikwa.

"Shemeji," Mama Picha alimwambia mke, "hakusema yeye. Ni mimi niliyeandika."

"Na wewe ulijuaje?"

Kinyozi aliangalia sakafu.

"Ulimwona akinililia mbele ya kiti," mke alisema polepole. "Mimi nikadhani yale maneno ya kuniomba nirudi yalimtoka palepale. Nimeyatunza miaka yote hii, kumbe niliyapata ya pili, baada ya kiti." Akatoka. Kinyozi akamfuata, hatua tatu nyuma, bila kumtazama Mama Picha.

Mdogo wake alikuwa kando ya kipaza sauti, akikunja karatasi ya hotuba.

"Ulijua," dada yake alimwambia.

"Nilijua. Na nilijua ungekataa, ndiyo maana sikukuuliza. Dada, hiyo ndiyo picha yako bora kuliko zote! Unaifungia chini ya kitanda na mende! Mimi nimekusaidia."

"Nilimpa yule mtu neno langu."

"Watu wanaisifu. Subiri uone."

Hakusubiri. Alivuta kiti, akapanda, akaing'oa picha pamoja na misumari yake.

"Unaniaibisha mbele ya wakubwa!"

"Kumbe aibu unaijua."

Alishuka ameikumbatia. Fremu ilikuwa pana kuliko mlango, ikabidi aigeuze upande huku wageni wakimpisha, na mmoja wao, akidhani ni sehemu ya maonyesho, alianza kupiga makofi. Wengine wakafuata. Nyuma yao kipaza sauti kilikwaruza, na sauti ya mdogo wake ikawakaribisha wote, kwa niaba ya familia.