Damu ya Ernestine

Vashti Gadsden hakumwamini mtu aliyebisha hodi ameshika karatasi. Alifua mashuka ya hoteli mjini Baltimore miaka thelathini na minne, na muda wote huo watu wa karatasi walimjia: kumhesabu, kumhoji, kumpiga picha. Hakuna aliyewahi kurudi kumwambia lolote. Tena bibi yake alimlea kwa habari za mumiani, madaktari waliowavizia watu weusi barabarani wakati wa giza.

Kwa hiyo Alhamisi moja shirika la afya lilipoweka meza mbele ya duka la kufulia nguo, likipima sukari bure, hilo neno bure ndilo lililomtia wasiwasi. Alikubali kwa kuwa kiu ilikuwa imemsumbua wiki nzima na vidole vya mguu vilikuwa vimekufa ganzi. Lakini binti wa mezani, Keturah, alipomuuliza jina, alilitoa la dada yake Ernestine, aliyefariki mwezi wa nne. Wakamtafute makaburini, alijisemea, na moyo ukamtulia.

Jumanne iliyofuata Keturah akabisha hodi, karatasi mkononi. Vashti akafungua mlango kidogo tu.

"Unamtaka nani?"

"Mwenye ile damu ya Alhamisi."

"Ernestine hayupo."

"Najua, Bi Vashti. Mimi ndiye niliyembebea maua kanisani siku ya mazishi. Wewe ulikaa kiti cha mbele, na kofia ya zambarau. Leo nimeuliza nyumba tatu mpaka nimekupata."

Loo! Kumbe binti aliujua uongo tangu mezani, na akauandika hivyohivyo. Mtu wa namna hiyo anataka nini?

"Mbona hukunisuta palepale?"

"Ungeondoka na mkono wako. Nilitaka damu kwanza."

"Si ndiyo hayo. Mumiani mtupu."

Keturah akacheka. Vashti hakucheka.

"Sukari imepanda vibaya, Bi Vashti. Wanakusubiri kliniki leo hii. Nitakaa na wewe humohumo ndani."

"Na Ernestine mlimwambia hivyo?"

"Hakuwahi kupimwa. Meza yetu ilikuwa haijafika huku."

Vashti akamkumbuka dada yake akimaliza jagi la maji mezani, na watu wote wa nyumbani wakimtania kwa kiu yake. Yeye Vashti ndiye aliyecheka kuliko wenzake. Ikamuuma sana.

Bado hakumwamini binti huyu. Akanyoosha mkono kupitia upenyo wa mlango.

"Lete hiyo karatasi. Mwache dada yangu apumzike. Jina langu nitaliandika mwenyewe."