Yule wa Bluu

Betri iliyovuja ina harufu yake, kama msumari uliolala kwenye mvua. Juzi nafagia chumba cha marehemu mama hapa Mkiwa, harufu hiyo ikanifikia kutoka kwenye kopo la biskuti, na kabla sijalifunua nikajua: kigemu cha mkononi cha kaka Athumani.

Nilikwangua kutu kwa kisu, nikaweka betri mpya. Kikawaka. Kale kamuziki kakaanza, nami nikakaa chini palepale, ufagio mkononi.

Kaka alikipata Manyoni kwa kubadilishana na jogoo wake. Kilikuwa cha ile picha ya mpiganaji mwenye kinyago, tuliyoiona kwenye kibanda cha video, ambayo kila ikiisha hutoka nyingine. Kibandani kila mtoto alijua kwamba stelingi, yule shujaa wa picha, hafi. Ndani ya kigemu alikufa kila mara, na mimi nikawa nalia, mpaka kaka akasema, "Kule anacheza mwenyewe. Huku namchezesha mimi, ndiyo maana."

Gemu lilikuwa la mtu mmoja. Ila stelingi alikuwa na mwenzake aliyemfuata nyuma, mwenye nguo za bluu.

"Huyo ndiye wewe," kaka aliniambia. "Anakusikia. Ukisema ruka, anaruka."

Basi nikawa nachutama nyuma ya bega lake, kwenye magunia ya alizeti, napiga kelele: ruka! inama! mpige! Mama akipita na ndoo huuliza, "Mnamfukuza nani humo?" Nikichelewa, kaka alinigombeza kwelikweli. "Umetuua wewe!" Nami naomba msamaha.

Kisha mjomba akaja kumchukua wakafanye kazi ya nyuki Rungwa. Kaka aliniachia kigemu. "Kitunze. Nikirudi tunavuka daraja." Darajani ndipo tulipokuwa tunafia siku zote.

Nilikitunza. Betri zikichoka naziuma kidogo, nazianika juani juu ya bati, zinaamka. Nilicheza mpaka karibu na daraja, nikazima. Lile lilikuwa letu wawili.

Siku moja koo liliniuma, sauti ikakataa kutoka. Nikacheza kimya. Yule wa bluu akaruka. Akainama. Akapiga. Nikaanza upya, safari hii nimefumba mdomo makusudi, naye akaruka vilevile.

Sijui nieleze vipi. Ilikuwa kama kuingia nyumbani kwenu ukakuta wanakula, na hakuna aliyekuita. Hata hivyo koo lilipopona niliendelea kumpigia kelele, maana kile kimya cha magunia kilikuwa kibaya zaidi.

Kaka alirudi alizeti zilipokwisha kuvunwa, ananuka moshi, sauti imekuwa nzito.

"Shikamoo kaka."

"Marahaba. He, umekua!"

Nikamwekea kigemu mkononi. Akakigeuzageuza. "Bado unacheza haya mambo? Shika bwana, nimechoka."

Nikamwambia yule wa bluu anaruka mwenyewe. Alicheka mpaka akashika mbavu. "Kumbe ulikuwa hujui!" Kisha akaenda kukaa barazani na mjomba, wakaongea habari za nyuki.

Nisimsingizie. Alikuwa ameniletea asali chupa nzima, na gauni. Tena zile siku za nyuma angeweza kucheza peke yake. Akanitafutia nafasi mahali ambapo haikuwepo. Hilo nimeliona juzi tu, na huenda nakosea, huenda alitaka tu mtu wa kumlaumu akifa. Mpaka leo ni kaka mwema, hupiga simu kila akipata mtandao.

Ila jioni ile nilikosa raha, nikakataa kula, mama akanipima homa kwa kiganja akasema sina kitu. Nami niliamini sina kitu. Leo ndiyo naelewa: yule niliyekuwa namngoja hakurudi kutoka Rungwa, na hakuna aliyenipa pole, kwa sababu kaka yangu alikuwa amekaa palepale barazani, mzima, anacheka.