Nilimtukana aliyekiponda kitabu changu, kisha nikang'ata korosho mbichi

Wakuu, heshima kwenu. Hii ni kweli tupu. Mwenye kucheka acheke, mimi zamu yangu ya kulia nilishaimaliza.

Mimi ni wa Kilwa Masoko, kwetu wauza samaki. Nikaandika riwaya ya mapenzi ya wakulima wa korosho (msiniulize kwa nini), nikaitangaza kwenye group letu la wasomaji. Hongera zikamiminika.

Kisha Mama Somoe, mkulima wa korosho kule Mtama, akaandika review:

"Nimekisoma chote. Ukurasa wa arobaini, bwana harusi anapasua korosho mbichi kwa meno amlishe mkewe. Mwandishi shamba hajalikanyaga. Huyo angelala hospitali na harusi ikaahirishwa."

Group zima likavunjika mbavu.

Nikawaka. Nikamjibu kwamba hajui fasihi, arudi akapalilie. Nikafungua na ID feki ya kujisifia, nikasahau kuweka picha nyingine. Nikaonekana najipongeza kwa sura yangu mwenyewe.

Bado roho haikutulia. Nikaenda Tingi, shambani kwa mjomba, nikaingia live. "Mama Somoe, tazama!" Nikaokota korosho, nikaibana kwa magego.

Wakuu, ganda la korosho mbichi lina mafuta yanayobabua. Kila mtoto wa shamba analijua hilo. Mimi korosho nimezizoea zimeshakaangwa, ziko kwenye sahani.

Mdomo ulitutumka kama andazi. Mjomba akaja mbio: "We mtoto, una wazimu? Hiyo hailiwi hivyo!"

Sasa hapa ndipo paliponiuma. Siku tatu mbele nilikuwa nimealikwa kusoma kitabu kwenye shule moja ya sekondari pale Lindi mjini, na mama yangu anakuja. Mama hajui kusoma. Kitabu cha mwanawe alikuwa anakifuta vumbi tu, hajui ndani mna nini. Siku ile ndiyo angekisikia.

Siku ikafika, midomo bado imevimba na ina vidonda. Nikijaribu kusoma, inatoka miguno. Wanafunzi wanabana vicheko, mama kainamisha uso. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona.

Mama mmoja akainuka nyuma, kashika kitabu changu kimechakaa.

"Mimi ndiye Mama Somoe. Tangazo nililiona kwenye group."

Nikajikakamua: "Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Pole. Kaa, nikusomee."

Alianza na ukurasa wa arobaini, mshenzi kweli. Shule nzima hoi.

Kisha akafungua sura ya mwisho, mzee anapomzika bintiye. Hapo alisoma taratibu, akajifuta machozi kwa ncha ya mtandio, akaendelea.

Nilimwomba radhi mbele ya watu, kwa mdomo wangu uleule mbovu.

Nilichojifunza: anayekukosoa mpaka namba ya ukurasa, huyo amekusoma. Funga data, kanywe maji, kesho umshukuru. ID feki hazisaidii, nimejaribu.

Waandishi wenzangu, nyie mmeshamtukana nani? Mwageni hapa bila aibu.

Mama yangu alilia waziwazi siku ile. Tulipotoka alimshika Mama Somoe mkono, mimi akanipita kama hanioni, akamwambia, "Mwenzangu, hebu nirudie pale pa kuzika."