Zipora na Dume la Mzee Matonya

Zipora hakuanza na kamera, alianza na kitana. Alikuwa na saluni ndogo karibu na stendi ya Mpwapwa, na Jumamosi maharusi walijaa hapo tangu alfajiri. Kilichomtoa kwenye nywele ni hasira. Alikuwa akisuka kichwa cha bibi harusi nusu siku nzima, akipanga kila msuko mahali pake, halafu picha zikitoka anakuta mpiga picha amekata kichwa juu ya nyusi. Au amemmulika bibi harusi kwa flashi usoni hadi anaonekana kama amemwagiwa unga wa sembe.

"Sasa kazi yangu iko wapi hapa?" aliuliza siku moja, albamu ya mteja ikiwa mkononi.

Aliposikia kwamba Bashiri, mpiga picha wa Dodoma mjini, anauza kamera yake ili ahamie kwenye video, alipanda basi siku hiyo hiyo. Kamera ilikuwa kuukuu, mpira wa kushikia umeanza kubanduka, lakini Bashiri hakumficha kitu.

"Mwili umechoka, macho bado mazima," alisema. Macho, kwake, yalikuwa lenzi. Akampa lenzi mbili fupi na flashi moja, akamwonyesha vitufe vya lazima, akamwambia vilivyobaki atavijua vitakapomkera.

Vilimkera kweli. Harusi ya kwanza picha zote za kanisani zilitoka giza tupu, isipokuwa moja aliyopiga kiatu chake mwenyewe kwa bahati mbaya. Akajifunza kuigeuza flashi itazame dari ili mwanga urudi chini kwa upole. Kisha akagundua kwamba makanisa mengi ya vijijini hayana dari, ni mbao na bati tu, na mwanga ukienda huko juu haurudi. Akahamia madirishani. Wachungaji wakazoea kumwona akimsogeza bibi harusi hatua kwa hatua, kama mtu anayehamisha mche kutafutia jua. Taratibu picha zake zikaanza kusifiwa, na saluni ikageuka studio.

Mwaka tunaouzungumzia, Kwaresima na Ramadhani ziliangukia pamoja. Wakristo walikuwa wameahirisha ndoa, Waislamu wamefunga, na Mpwapwa nzima hapakuwa na harusi ya kupiga picha. Zipora alikuwa dukani akifuta lenzi ambazo hazikuwa na vumbi, ndipo alipobisha hodi mzee mmoja mrefu, fimbo mkononi, kofia ya pama kichwani.

"Shikamoo baba. Karibu."

"Marahaba, mwanangu. Naitwa Matonya, natoka Kibakwe. Nataka umpige picha Msafiri. Picha kubwa, ya kutundika ukutani."

"Hakuna shida. Msafiri ni kijana wako?"

"Ni wa pale pale nyumbani."

"Anaweza kuja hapa studio?"

Mzee akaupima mlango kwa macho. "Hapo hapiti."

Zipora akatafuta maneno ya heshima. "Ni mnene kidogo?"

"Mnene sana! Ndiyo sifa yake. Kijiji kizima hana mfano."

"Basi nitamfuata huko huko. Mwambie tu avae suti, nyeusi au ya bluu. Atapendeza."

Mzee Matonya alimtazama binti huyu kama anayejiuliza kama amekosea duka.

"Mwanangu," alisema mwishowe, "Msafiri ni dume la ng'ombe."

Zipora alicheka mpaka akashika meza. Mzee naye, baada ya kujizuia kidogo, akacheka. Kisha akaeleza. Dume lile lilizaliwa njiani wakati akiwaswaga ng'ombe aliowanunua mnadani Chemba, ndiyo maana likaitwa Msafiri. Sasa lilikuwa limekua, na wafugaji walileta majike yao kutoka mbali kutafuta mbegu yake.

"Watoto wangu wako mijini, kila mmoja ana picha zake kwenye simu," alisema mzee. "Nami nimejaribu kumpiga picha Msafiri kwa simu. Ni mweusi mno. Anatoka kama gunia la mkaa lenye pembe."

Tatizo hilo Zipora alilielewa vizuri, na lilimpendeza. Lakini lenzi zake zilikuwa fupi, za vyumbani, na hakutaka kumkaribia dume hilo kiasi hicho. Akampigia simu Khalidi, mpiga picha mwenzake, mtu wa Kondoa mwenye studio Dodoma, aliyekuwa na lenzi moja ndefu, ya kupigia picha za mpira uwanjani.

"Nani anaoa Kwaresima na Ramadhani hii?" Khalidi aliuliza.

"Hakuna anayeoa. Nakwenda kumpiga picha ng'ombe."

Simu ikajaa kicheko. "Dada, niache, nimefunga. Kucheka kunanimalizia nguvu." Lakini lenzi aliituma kwa basi, ameizungushia kanga mbili na kumwapisha kondakta aikalie karibu.

Siku ya safari Zipora alipanda bodaboda, begi la kamera mgongoni. Mvua zilikuwa zimenyesha vizuri, uwele umesimama juu ya kiuno, na milima ya Kibakwe ilikuwa ya kijani kiasi kwamba alimsimamisha dereva kila baada ya kona apige picha. Dereva alivumilia mara chache, kisha akasema milima itakuwepo hata wakati wa kurudi.

Walifika jua likiwa juu ya utosi. "Mbukwenyi!" Mzee Matonya alimpokea kwa salamu ya Kigogo, amefurahi kama mtoto. Mkewe, mama wa makamo mwenye kitambaa kichwani, aliitikia shikamoo ya Zipora, akampa kigoda na kikombe cha maji, akasema kwa utulivu:

"Karibu, mpiga picha wa ng'ombe."

Zipora akaelewa kwamba hapo pana jambo. Mzee alipokwenda zizini, akamuuliza, "Mama, kuna neno?"

Mama huyo jina lake ni Angelina, ingawa pale kijijini aliitwa Mama Denis. Akakaa.

"Tulipofunga ndoa na huyu mzee, tuliagiza mpiga picha kutoka Mpwapwa," alisema. "Siku hiyo mvua ikanyesha, korongo likajaa, akashindwa kuvuka. Tukamsubiri na nguo zetu mpaka zikakunjamana. Baba Denis akasema, usijali, tutapiga siku nyingine. Sasa nimezaa, nimelea, nimepata wajukuu. Picha yangu pekee ni ya kitambulisho, na humo nimekunja uso kama mtu aliyeibiwa kuku. Leo mpiga picha amefika hapa kwa pikipiki, na amekuja kwa ajili ya nani? Msafiri!"

Zipora alitaka kucheka na alitaka kumkumbatia. Kabla hajafanya lolote, mzee akaita kutoka zizini kwamba mwenye siku yake yuko tayari.

Na kweli dume lilikuwa la kutazamwa. Nundu kama kilima, pembe zimeinuka, ngozi nyeusi inang'aa. Mzee alikuwa amemwosha na kumpaka mafuta. Zipora akasimama mbali, akafunga lenzi ya Khalidi, akapiga ya kwanza, akaitazama kwenye kioo cha nyuma ya kamera. Gunia la mkaa. Jua la mchana lilikuwa limeubwaga mgongo kwenye mwanga na kuufukia uso wote kwenye kivuli. Macho hayakuonekana kabisa.

Akafanya ambalo angemfanyia bwana harusi yeyote aliyevaa kofia mchana. Akabadili lenzi, akachomeka flashi, akasogea karibu ili ajaze mwanga usoni.

"Baba, mshike vizuri."

"Huyu? Mpole kama kondoo."

Flashi ikapiga.

Msafiri hakupiga kelele. Aligeuka tu, kamba ikamvuta Mzee Matonya, na wote wawili wakaingia kwenye shamba la uwele kama waliochelewa mahali. Kofia ya pama ikabaki hewani kidogo, kisha ikaanguka. Zipora hakumbuki aliruka vipi ua wa miiba. Alijikuta upande wa pili, sketi imechanika, kamera ameikumbatia kifuani kwa mikono yote miwili. Flashi ilikuwa imechomoka. Msafiri alipofanya mzunguko na kurudi zizini kwa kasi ile ile, aliikanyaga.

Kisha Mzee Matonya akatokeza kwenye uwele, majani kichwani, kamba haiko mkononi.

"Amestuka kidogo," alisema.

Zipora aliokota vipande. Flashi ile alikuwa ameizoea kama mkono wake, na sasa imepasuka. Hadi alasiri mzee alikuwa bado akijaribu kumtoa Msafiri zizini bila mafanikio. Zipora alikuwa karibu kusema kwamba kazi imeshindikana, arudishwe Mpwapwa, ndipo alipomwona Mama Denis akitoka jikoni na bakuli la pumba zilizochanganywa na chumvi. Mama hakumjali mtu. Alisimama katikati ya uwanja akaita kwa sauti ya chini, neno moja la Kigogo linalorudiwarudiwa kama wimbo wa kubembeleza. Dume lile kubwa likaja kwake likinyata, likaingiza pua kwenye bakuli, likatulia.

"Kumbe hivyo!" mzee alisema, amepigwa na butwaa.

"Kila jioni nani anamlisha, wewe?" mkewe akamjibu bila kugeuka. "Wewe unamsifia tu kwa wageni."

Zipora akatazama. Pembeni mwa uwanja kulikuwa na nyumba iliyopakwa chokaa muda si mrefu, nyeupe pe, na jua lilikuwa limeanza kuinama kuelekea ukuta huo. Mwanga uligonga chokaa ukarudi uwanjani laini, ukamwangukia yule mama na ng'ombe wake kutoka ubavuni. Macho ya Msafiri yakaonekana. Hata vinyweleo vya masikio yake vilionekana. Hakukuwa na haja ya flashi, ukuta ulikuwa mkubwa kuliko flashi yoyote aliyopata kushika.

"Mama, usiondoke hapo," alisema. "Nakuomba."

"Hiyo picha si yangu."

"Hakuna picha bila wewe. Ukiondoka na yeye anaondoka."

Mama Denis akasita, akamtazama mumewe. Mzee Matonya alikuwa akitoa majani ya uwele nyweleni, na ikawa kama ndipo anausikia ule mlango ambao kwa miaka yote mkewe amekuwa akiugonga.

"Simama, Mama Denis," alisema taratibu. "Simama, mke wangu. Nilikuahidi siku nyingine."

"Basi sisimami na kitambaa cha jikoni," mama akasema, akamkabidhi mumewe bakuli na kuingia ndani.

Alikawia. Jua lilizidi kushuka, Zipora akawa anapima mwanga ukutani kila mara, roho juu. Mzee alishika bakuli na kuimba lile neno la Kigogo kwa sauti mbaya, na Msafiri akamvumilia kwa sababu ya pumba. Mwishowe mlango ukafunguka. Mama Denis alikuwa amevaa kitenge cha njano na zambarau kilichokuwa na mikunjo ya sandukuni, shanga shingoni, nywele amezifungua na kuzichana.

Mzee akamtazama, akasahau kuimba. Kisha akampa Zipora bakuli, akaingia ndani mbio, akatoka na koti lake la kanisani huku akifunga vifungo vibaya.

Zipora akaweka tena lenzi ndefu, akarudi nyuma mpaka akagusa ua wa miiba. Kwa lenzi ile milima ya Kibakwe ilisogea ikawa pazia laini la kijani nyuma yao. Wanandoa wakasimama wamekakamaa kama askari, dume katikati.

"Baba," Zipora aliita, "mwambie mama kwa nini ulimwoa."

"Mbele ya ng'ombe?"

Mama Denis akaangua kicheko, akaegemea nundu ya Msafiri, mzee akamtazama yeye badala ya kamera, na hapo Zipora akabonyeza. Aliendelea kubonyeza mpaka jua likaingia nyuma ya mlima.

Picha ile ilichapishwa Dodoma kwa ukubwa wa mlango wa kabati, ikawekewa fremu na kupelekwa Kibakwe. Kuhusu flashi, Mzee Matonya hakutaka mjadala. Alimfungia Zipora mbuzi jike mwenye mimba, na mbuzi huyo akasafiri kwa bodaboda hadi Mpwapwa akiwa katikati ya dereva na Zipora, akilia kila kona. Khalidi alipopata lenzi yake, nzima, na picha zikiwa zimetangulia kwenye simu, alizitazama muda mrefu kabla ya kumpigia.

"Nilikuja tayari kucheka," alisema. "Hapa hakuna cha kuchekwa. Huyo mama ni bibi harusi."

Baada ya Pasaka harusi zilirudi, na Zipora akanunua flashi nyingine kwa ajili ya kumbi. Lakini watu walioingia kwa Matonya kunywa maji waliiona ile picha ukutani, na habari ikapanda milima na kushuka. Wakaanza kumpigia simu wanandoa wa zamani, waliooana bila picha, au ambao picha zao ziliungua, zililiwa na mchwa, zilipotea katika kuhama. Siku za kati ya wiki sasa anazitumia kwao. Hawavishi shela. Anawauliza tu kitu gani wanakipenda pale nyumbani, anawasogeza karibu na ukuta wenye mwanga mzuri, na anangoja.

Juzi alikuwa Chemba kwa wanandoa wa Kirangi, Bwana Abdulwahab na mkewe Mwajabu, ambao walitaka kupigwa picha pamoja na punda wao. Punda alikataa kutazama mbele. Mwajabu akamkemea, mumewe akamtetea, wakaanza kubishana ni nani kati yao aliyemdekeza, na Zipora akachuchumaa nyuma ya kamera, kimya, akiwapiga picha wakibishana, kwa sababu walikuwa wazuri sana.