Maji Aliyoyamwaga Mgeni

Wiki iliyopita nilifuatana na mtafiti kijana wa chuo kikuu hadi kijiji kipya cha Ujamaa, upande wa Bukene. Alitaka kusikia kutoka kwa wenyeji kama wana maji, maana ripoti yake itasaidia kuamua visima vichimbwe wapi.

Bibi mmoja alitukaribisha kwa kikombe cha maji. Balozi wa nyumba kumi, kiongozi wa chama aliyetuleta, alikaa katikati yetu.

"Maji mnapata, bibi?" mtafiti aliuliza.

Bibi alimtazama balozi kwanza. "Tunapata, mjukuu wangu. Hatuna shida."

Mtafiti aliandika neno kwa neno, kama alivyofundishwa. Kisha akamwaga chini maji yaliyobaki kikombeni. Macho ya bibi yaliyafuata mpaka mchangani.

Tulipoaga, balozi alibaki akiongea na jirani. Bibi akatusindikiza, kama wageni wanavyosindikizwa. Njiani, daftari la mtafiti likiwa mfukoni mwake, bibi akasema polepole:

"Yale maji niliyafuata alfajiri, kwenye kisima cha kijiji chetu cha zamani, kabla hatujahamishiwa hapa. Nimerudi jua la utosi."

"Niandike hivyo, bibi?"

"Usiandike, baba. Leo umeongea na nani mwingine hapa? Watajua ni mimi."

Hakuandika. Aliheshimu neno lake, nami namsifu. Ukweli ule hakuna fomu ambayo ingeupata; ulihitaji mtu wa kutembea naye. Lakini kinachokwenda ofisi ya mkoa, Tabora, ni "hatuna shida", kwa mwandiko mzuri.

Kisima kitachimbwa kwingine.